Miezi Kumi Kitini: Kisa cha Zhu Wenjin, Kamanda Aliyenyakua Ufalme wa Min

Mwaka 939 makamanda wawili wa walinzi wa ikulu mjini Fuzhou, kusini-mashariki mwa China, walimpindua mfalme wao, akauawa, na hakuna aliyewagusa. Mwaka 944 wakamwua na aliyemfuata. Safari hii hata mwaka haukupita, vichwa vyao vikawa ndani ya sanduku vinapelekwa kwa adui yao.

Ni nadra historia kutupa ulinganisho wa wazi kiasi hiki. Wahusika ni wale wale, kambi ni zile zile, na hofu iliyowasukuma ni ile ile. Kwa hiyo tukitaka kujua kwa nini mapinduzi ya pili yaliporomoka, hatuna haja ya kupapasa sababu mia. Tunaweza kuuliza jambo moja tu: ni nini walichofanya mara ya pili ambacho hawakukifanya mara ya kwanza?

Majina ya Kichina humchosha asiyeyazoea. Nimebakiza ya wale wanaobeba kisa. Wengine wote, maofisa, wajumbe na watu wa ikulu, nawataja kwa kazi zao.

Usuli

Dola ya Tang ilianguka mwaka 907, na majemadari wa mikoa wakagawana mabaki yake. Kaskazini, nasaba tano zilipokezana kiti kwa zamu fupi. Kusini zilizuka falme ndogo ndogo, na mojawapo ni Min, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Fujian. Nchi hiyo ni ya milima inayoshuka hadi baharini. Fuzhou, mji mkuu, uko karibu na mlango wa mto Min. Ukipanda na mto kuelekea kaskazini-magharibi unafika Jianzhou. Ukishika pwani kwenda kusini unaikuta Quanzhou, kisha Zhangzhou. Na ndani kabisa magharibi, nyuma ya milima, ipo Tingzhou. Ni wilaya tano tu, na kisa chote kinachezwa humo.

Aliyeijenga Min ni Wang Shenzhi, mtu wa Gushi huko Henan, aliyeshuka kusini na kaka zake wakati Tang inakata roho. Alitawala hadi alipofariki mwaka 925. Aliishi bila makuu, hakuwaelemea watu kwa kodi, na aliwafungulia bandari wafanyabiashara wa mbali. Watu walimkumbuka kwa wema, na kumbukumbu hiyo ndiyo ilikuwa urithi mkubwa kuliko yote aliyowaachia wanawe. Waliutumia vibaya sana. Kati ya mwaka 925 na 944 watu wanne wa ukoo wa Wang walikalia kiti chake, na wote wanne waliuawa.

Tunaanzia kwa wa tatu. Huyu alivikuta ikulu vikosi viwili vya walinzi ambavyo baba yake aliviunda kutokana na walinzi wa babu yake: Gongchen, chini ya Zhu Wenjin, na Konghe, chini ya Lian Chongyu. Hakuviamini. Akaunda kikosi kipya cha askari 2,000, akakilipa na kukitunza vizuri kuliko vile vya zamani, kisha akaanza kufikiria kuvigawa vikosi vya zamani na kuvipeleka Quanzhou na Zhangzhou, mbali na ikulu. Askari walisikia. Aliyewahi kuishi karibu na kambi anajua jinsi habari ya posho inavyosambaa kuliko moshi.

Mwaka 939 jumba la kaskazini la ikulu likaungua. Mfalme akawaamuru askari wa Lian wazoe majivu na vifusi siku baada ya siku, huku akimshuku Lian mwenyewe kuwa aliujua mpango wa kuchoma moto. Msomi mmoja wa ikulu akamnong'oneza Lian kwamba atauawa. Usiku wa zamu yake, Lian akawaondoa askari kambini na kuivamia ikulu. Mfalme alikimbia, akakamatwa njiani, akanyongwa.

Hapa pana uamuzi wa kwanza wa kuukumbuka. Lian na Zhu hawakukaa kitini. Walimfuata mtu wa ukoo wa Wang, ami wa mfalme aliyeuawa, ambaye kwa muda mrefu alijifanya mwendawazimu ili asiuawe. Aliwahi kuvalishwa joho la mtawa wa dini ya Dao na kupelekwa milima ya Wuyi, kisha akarudishwa mjini na kufungiwa nyumbani. Wakamtoa kifungoni, wakamweka kitini. Ndiye Wang Xi. Makamanda wakarudi kambini kwao, na mji ukalala.

Miaka mitano ya hofu

Wang Xi alikuwa mlevi, na ulevi wake ulikuwa wa kuua. Usiku mmoja alipolewa aliagiza waziri wake mkuu, Li Guangzhun, akatwe kichwa. Maofisa hawakuthubutu kumwua, wakamweka gerezani. Asubuhi mfalme alipozindukana akamrudishia cheo kama kwamba hakuna kilichotokea. Usiku uliofuata akatupwa gerezani msomi mwingine wa ikulu. Mlinzi wa gereza akamfutia vumbi kitandani, akamwambia asiwe na wasiwasi, kwani waziri mkuu alilala papo hapo jana yake. Kwangu mimi, mlinzi yule na kitambaa chake anaielezea Min ya wakati ule kuliko tarehe nyingi.

Si wote waliozindukana wakiwa hai. Na zaidi ya ulevi kulikuwa na vita: mdogo wake, Wang Yanzheng, aliyeishika Jianzhou, aligombana naye hadi mwaka 943 akajitangaza mfalme wa dola yake mwenyewe, aliyoiita Yin. Ndugu wawili wa baba mmoja, mto mmoja, falme mbili.

Msomaji asidhani kwamba huyu wa Jianzhou alikuwa nafuu. Waziri wake mmoja alipandisha kodi za mashamba, akaingia hadi kwenye samaki, chumvi, mboga na matunda, na wananchi wakampa jina la Yang Mchuna-ngozi. Jambo hili litatufaa baadaye.

Zhu na Lian waliishi katikati ya haya wakiwa na doa la damu ya mfalme. Walijua kwamba aliyewekwa kitini na mikono iliyomwua mtangulizi wake haachi kuitazama mikono hiyo. Wakaozeshana watoto ili familia zao zishikamane. Kisha Wang Xi akamwua ofisa mmoja wa Konghe aliyekuwa mtu wao wa karibu. Na siku moja, karamuni, akawanyanyulia kikombe na kukariri beti za Bai Juyi, mshairi wa enzi ya Tang, zinazosema kwamba mioyo ya watu wanaotazamana uso kwa uso, ingawa wako hatua moja tu, haipimiki. Makamanda wakaanguka kifudifudi wakilia, wakaapa kwamba mtumishi wa mfalme hawezi kuwa na moyo wa pili. Mfalme hakujibu neno.

Kimya kile ndicho kilichomwua. Kama angewatukana wangeshukuru, maana tusi huisha.

Mambo yalivyofuatana, Aprili 944 hadi mapema 945

Mke wa mfalme naye alikuwa na lake. Alimwonea wivu suria aliyependwa kuliko yeye, na alitaka mwanawe, Wang Yacheng, atawazwe. Akawatumia makamanda ujumbe kwamba bwana hana furaha nao, je watafanyaje? Walielewa. Baba yake malkia alipougua, mfalme alitoka ikulu kwenda kumjulia hali, na ofisa wa walinzi aliyetumwa na Zhu na Lian akamwua juu ya farasi. Ilikuwa mwezi wa Aprili 944.

Maofisa wote wakaitwa ukumbini. Wakaambiwa kwamba mzee Wang Shenzhi aliijenga Min, lakini uzao wake umepotoka, mbingu imeuchoka ukoo wa Wang, na sasa inafaa achaguliwe mtu mwenye sifa. Hakuna aliyefungua mdomo. Basi Lian akamshika Zhu Wenjin mkono, akampandisha kitini, akamvika joho la kifalme, kisha akashuka na kuwaongoza maofisa kupiga magoti. Watu wa ukoo wa Wang waliokuwamo mjini wakakusanywa, zaidi ya 50, wakachinjwa wote. Malkia aliyetaka mwanawe atawazwe hakupata alichokitaka.

Ofisa mmoja mkubwa, aliyesimamia fedha za dola, alikataa waziwazi. Alifukuzwa kazi na kurudishwa kijijini, na alipojaribu kukimbilia Jianzhou akauawa.

Baada ya hapo Zhu alifanya mambo ambayo mtu mwenye akili angeyafanya. Aliwaachia wanawake wa ikulu warudi makwao, akasimamisha ujenzi wa majumba, akageuza kila alichokifanya Wang Xi. Lian akapewa majeshi yote. Quanzhou ikapelekewa mtu wao, Huang Shaopo, na Zhangzhou ikapelekewa mwingine. Mkuu wa Tingzhou akajisalimisha mwenyewe. Mashambulizi ya kwanza ya Wang Yanzheng hayakufua dafu.

Nje ya mipaka, Zhu alikwenda kwa pande mbili. Kwa Jin ya Baadaye, nasaba iliyotawala kaskazini kutoka Kaifeng, alijishusha: akaacha cheo cha mfalme, akajiita gavana wa kijeshi anayeshikilia mambo ya Min kwa muda, na akaanza kutumia kalenda yao. Wakamtambua. Kwa jirani mkubwa, ufalme wa Tang ya Kusini, alipeleka wajumbe, lakini huko wajumbe walitiwa gerezani na jeshi likaandaliwa kuja kumpiga. Joto la kiangazi na maradhi ndivyo vilivyoahirisha safari hiyo.

Kwa miezi kadhaa, basi, mambo yalisimama. Wilaya nne kati ya tano zilikuwa zake kwa maandishi.

Ufa ulianzia Quanzhou, mwishoni mwa mwaka 944. Ofisa wa pale, Liu Congxiao, aliwaita wenzake wachache na kuwapa hesabu iliyo wazi: Zhu ameumaliza ukoo wa Wang na kuweka watu wake kila wilaya, sisi tumekula chumvi ya Wang vizazi na vizazi, je, Wang Yanzheng akiichukua Fuzhou kesho, tutamtazama kwa uso gani? Kisha wakaalikwa askari majasiri nyumbani kwake kunywa. Vikombe vilipozunguka vya kutosha akawatolea habari: Wang Yanzheng ameshaitwaa Fuzhou, na barua yake ya siri inatuamuru tumkamate Huang Shaopo. Nyuso zenu, aliwaambia, si za watu wa kufa maskini. Nifuateni mtajirike, mkikataa balaa linakuja.

Ulikuwa uongo mtupu. Fuzhou ilikuwa bado mkononi mwa Zhu. Lakini watu 52 walishika fimbo nyeupe, hata si panga, wakaruka ukuta wa makazi ya mkuu wa wilaya na kumkata kichwa. Liu hakujiweka yeye. Alichukua mhuri wa wilaya akampelekea Wang Jixun, mtu wa ukoo wa Wang ambaye alisalimika kwa kuwa wa mbali kidogo katika nasaba, akamwomba aongoze.

Kichwa cha Huang alikabidhiwa kijana aitwaye Chen Hongjin akipeleke Jianzhou. Njiani, Youxi, maelfu ya askari wa Fuzhou walikuwa wameziba barabara. Chen akawaonyesha kichwa na kuwaambia kwamba Zhu ameshauawa, yeye anakwenda kumpokea mfalme mpya, na nyinyi hapa mnamlindia nani? Askari wakatawanyika. Baadhi ya maofisa wao wakaungana naye kwenda Jianzhou. Zhangzhou ikafuata mkumbo: mtu wa Zhu akauawa, akawekwa Wang mwingine wa mbali. Tingzhou ikageuka tena.

Zhu alishtuka. Akamwaga fedha, akaandikisha askari 20,000, akawatuma Quanzhou huku ngoma zao zikiitikiana njia nzima. Jianzhou ikatuma askari 20,000 kuikomboa. Liu akafungua lango na kuwatokea. Kamanda mkuu wa Fuzhou akauawa na mwenzake akatekwa. Kisha mashua za vita za Yin, wanasema 1,000, zikashuka na mto hadi Fuzhou. Zhu akawapeleka wanawe kwa ufalme wa jirani wa Wuyue wawe rehani ili apate msaada.

Wakati huo huo jeshi la Tang ya Kusini lilikuwa limeshavuka mpaka. Lilikuja kuipiga Yin. Lakini jemadari wa Yin aliyekuwa nje ya Fuzhou alipeleka neno mjini kwamba Tang ya Kusini imekuja kutusaidia sisi dhidi ya waasi, jeshi kubwa liko njiani. Mji mzima ukatetemeka. Zhu akamtuma waziri mkuu apeleke mhuri wa dola kwa Wang Yanzheng. Waziri huyo ni Li Guangzhun, yule aliyelala gerezani usiku mmoja.

Sasa akajitokeza mtu ambaye hadi hapo hakuwa na jina: Lin Renhan, ofisa wa cheo cha chini ikuluni. Aliwakusanya watu 30 wakavaa deraya, wakaenda nyumbani kwa Lian Chongyu. Walipofika wakakuta walinzi wamejipanga vizuri, wakasita. Lin hakusita. Alichukua mkuki mrefu, akaingia peke yake mbele, akamchoma Lian akafa. Akakiinua kichwa na kuwageukia walinzi: bwana wa Jianzhou anakaribia, nyinyi mtafutwa na koo zenu, huyu ameshakufa, kwa nini msimkamate Zhu mjikomboe? Wakaenda wakamwua Zhu Wenjin, wakafungua mji.

Matokeo

Wang Yanzheng alirudisha jina la Min, lakini akabaki Jianzhou na kuwaita huko askari 15,000 wa Fuzhou. Katika mwaka huo huo wa 945 Fuzhou ikamponyoka: mwanajeshi aitwaye Li Renda akaishika na kumtawaza mtawa wa Kibudha, kisha akamwua na kukaa mwenyewe. Tang ya Kusini ikarudi, na Jianzhou ikaanguka kabla mwaka haujaisha. Mwaka 947 Fuzhou ilikuwa mikononi mwa Wuyue. Ufalme wa Wang Shenzhi ukawa umekwisha.

Kilichosalia ni Quanzhou na Zhangzhou. Liu Congxiao, yule wa fimbo nyeupe, alimweka kando Wang Jixun mwaka 946 na kutawala mwenyewe hadi alipofariki mwaka 962. Chen Hongjin, mbeba kichwa, alikuja kutawala baada yake, akaikabidhi nchi kwa nasaba ya Song kwa amani mwaka 978. Inasimuliwa kwamba Liu alipanua mji na kuuzungushia miti ya citong, yenye maua mekundu, na mabaharia Waarabu wakalichukua jina hilo wakaiita bandari ile Zaitun. Ndiyo bandari ambayo Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliisifu kuwa miongoni mwa bandari kubwa za dunia. Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kuona vigae vya vyombo vya China vilivyofukuliwa Kilwa ana sababu ya kujali nani alishika Quanzhou.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Mauaji yenyewe yalipangwa vizuri. Mfalme aliuawa nje ya ikulu, wakati wa safari ya kifamilia, na ofisa wa ngazi ya kati. Kuwaachia wanawake na kusimamisha majumba kulikuwa nafuu ya kweli kwa watu. Kujishusha mbele ya Kaifeng pia kulikuwa hesabu nzuri kwenye karatasi.

Lakini Kaifeng ilikuwa mbali, na mwaka ule ule ilikuwa inapigana na Wakhitani waliovamia kutoka kaskazini. Cheti cha kutambuliwa kilifika Fuzhou. Askari wa kukilinda hawakuwepo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Narudi kwenye swali la mwanzo. Tofauti kati ya 939 na 944 ni moja: mara ya kwanza walimweka Wang, mara ya pili walimweka Zhu.

Wachambuzi wengine husema kwamba watu wa Min waliupenda ukoo wa Wang kwa ajili ya mwasisi. Siamini kwamba mapenzi yanatosha kueleza. Wang Xi alikuwa muuaji na Wang Yanzheng alikuwa na Mchuna-ngozi wake. Maofisa wa Quanzhou walijua hayo yote. Jina la Wang kwao lilikuwa kama mwembe ule wa kijijini ambao watu hukutania chini yake. Hakuna anayeuliza kama mwembe ni mwema. Watu hukutana pale kwa sababu kila mmoja anajua kwamba wenzake nao watakuja pale. Ofisa wa Quanzhou anayetaka kuasi, asiyejua nani mwingine yuko tayari, akitaja jina la Wang anajua atasikika. Zhu hakuwa na mwembe wa namna hiyo. Alikuwa na kambi mbili na kikombe cha hofu walichonywa pamoja na Lian.

Mwaka 944 nafasi ilikuwapo. Mtoto wa mfalme aliyeuawa alikuwa ikuluni, mama yake anamtaka atawale, na ni mama huyo huyo aliyewafungulia mlango. Wangemweka mtoto, wakashika majeshi na hazina, na Wang Yanzheng angekuwa ami anayempiga mtoto wa kaka yake. Kwa nini hawakufanya hivyo? Nadhani jibu liko kwenye kile kikombe cha karamuni. Walishamweka Wang mmoja, na miaka mitano waliishi wakimwogopa. Mtoto hukua. Wakaamua kuikata hofu kwenye shina. Ni uamuzi wa watu waliochoka, na unaeleweka, lakini walikuwa wakiponya kidonda cha jana.

Kuchinja watu zaidi ya 50 kulizidisha kosa. Kabla ya hapo, mtu aliyemtaka Wang alikuwa na wengi wa kuchagua, na wenye kuchagua hugawanyika. Baada ya hapo alibaki mmoja tu mwenye jeshi, naye yuko Jianzhou. Zhu alimfanyia adui yake kazi ya kuwaondoa wapinzani wake wote ndani ya familia. Na hata kwa kipimo chake mwenyewe mauaji hayakukamilika: waliosahaulika kwa kuwa wa mbali ndio waliowekwa mbele Quanzhou na Zhangzhou.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni habari. Hesabuni idadi: watu 52 wenye fimbo waliiangusha Quanzhou, kijana mmoja na kichwa kimoja alitawanya maelfu pale Youxi, na watu 30 waliimaliza Fuzhou. Jeshi la Zhu lilikuwa la makumi ya maelfu. Kila mara kilichotangulia ni tangazo la ushindi ambao haujatokea. Liu alisema Fuzhou imeanguka, na haijaanguka. Chen alisema Zhu amekufa, na yuko hai. Jemadari wa mtoni alisema Tang ya Kusini inakuja kusaidia, na ilikuwa inakuja kupiga. Uongo wote ulisadikiwa, na wa Liu na Chen ulikuja kuwa kweli.

Ulisadikiwa kwa sababu kila askari wa Zhu alikuwa ameshajiuliza moyoni ni lini bwana huyu ataanguka. Aliyemwua bwana wake na kuchukua kiti anawafundisha askari kwamba kiti huchukuliwa. Wanabaki wakisubiri habari tu. Liu Congxiao alilielewa hilo kuliko mfalme aliyekaa Fuzhou, na alilitumia kwa divai, sura za watu na barua ambayo haikuwapo.

Uongo wa tatu unaniuma zaidi, kwa kuwa ulizuilika. Jeshi la Tang ya Kusini mpakani lilikuwa habari njema kwa Zhu. Adui yake alikuwa na moto mgongoni. Mtu mwenye wapelelezi wawili tu wa kuaminika upande wa kaskazini angejua hivyo, angefunga malango na kungoja, na Jianzhou yenyewe ilianguka kabla mwaka ule kwisha. Badala yake alipeleka mhuri. Alipoupeleka aliwaambia askari wake, kwa mkono wake mwenyewe, nani ameshinda. Lin Renhan hakuhitaji kuwashawishi walinzi wa Lian kwamba upande wao umeshindwa. Bwana wao alikuwa ameshasema.

Mlinganishe na Liu. Alikuwa na askari wachache kuliko Zhu, katika mji wa pembeni. Alimtanguliza Wang, akangoja zaidi ya mwaka, akamsogeza kando bila kuchinja ukoo, akatawala hadi mwaka 962. Kwa upande mwingine Li Renda wa Fuzhou alidhani kiti kinaweza kushikiliwa na yeyote anayevutia macho, akamchukua mtawa. Mtawa hakuwa mwembe wa mtu yeyote, na aliuawa kabla hajazoeleka.

Liko jambo moja ambalo uchambuzi huu haulifikii, nalo ni Lin Renhan. Hakuwa na jeshi wala Wang wa kumtanguliza, na wenzake 30 walikuwa wameshasita pale mlangoni. Alisema wamewatumikia akina Wang vizazi na vizazi, na nadhani alimaanisha hivyo tu. Baada ya yote alikwenda Jianzhou kuonana na mfalme aliyemrudishia mji mkuu. Wang Yanzheng alimpa zawadi ndogo sana. Lin hakuwahi kumtajia alichokifanya.